Lebo Isiyo na Saini ni Barua Isiyo na Muhuri



Nenda leo katika ofisi yoyote ya umma hapa Uganda ukiwa na barua inayosema kwamba wewe ni mkazi wa kijiji fulani. Iwe imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, iwe na tarehe, iwe na jina la mwenyekiti wa LC1 kwa herufi kubwa. Ikiwa haina saini yake wala muhuri wa kijiji, karani ataitazama mara moja na kukurudishia. Hatakuita mwongo. Atakuambia tu kwamba karatasi hiyo haina mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa mnunuzi wa kibanja. Hatoi fedha zake mpaka mkataba usainiwe mbele ya majirani na mwenyekiti ashuhudie, kwa kuwa anajua kuwa kibanja kimoja huweza kuuzwa mara mbili. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

La ajabu ni kwamba watu hao hao, walio wakali mbele ya karatasi, hulegea kabisa mbele ya kompyuta. Huletewa programu itakayotunza alama za wanafunzi, madeni ya chama cha akiba au kadi za wagonjwa, wakaambiwa kuwa hili ni "toleo la 2.1", nao wakaridhika. Nani amesema kuwa hili ndilo toleo la 2.1? Ameliweka wapi neno lake? Je, toleo la 2.1 nililo nalo mimi ndilo ulilo nalo wewe? Hakuna anayeuliza.

Leo nataka kukushawishi, msomaji wangu, kwamba maswali hayo ni ya kiraia kabla ya kuwa ya kiufundi. Nataka pia kuwakemea waundaji wa programu wanaoyakwepa, hasa vijana wetu waliosoma na wenye uwezo wa kutenda vyema zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Programu nyingi duniani leo hutunzwa kwa mfumo uitwao Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Mfumo huu huhifadhi historia yote ya programu, hatua kwa hatua. Kila hatua hupewa namba ndefu ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na namba ya hatua iliyotangulia. Ukibadilisha nukta moja katika hatua ya zamani, namba yake hubadilika, na za hatua zote zilizofuata hubadilika pia. Tena, mfumo hauna makao makuu ya lazima: kila mshiriki hubeba kwenye kompyuta yake nakala kamili ya hazina yote.

Kwa kuwa namba hizo ni ndefu na hazikumbukiki, Git hukuruhusu kuipa hatua fulani jina la kudumu, mathalani v2.1. Jina hilo ndilo lebo. Lebo zipo za aina mbili. Ipo lebo nyepesi, ambayo ni jina tupu linaloelekeza kwenye hatua, mfano wa kibandiko kilichobandikwa mlangoni. Ipo pia lebo yenye maelezo, ambayo ni waraka kamili: ndani yake mna namba ya hatua inayotajwa, jina la lebo, jina la aliyeiweka, tarehe, na ujumbe wake. Waraka huo wa pili ndio unaoweza kutiwa saini.

Sasa nikusimulie lililonifundisha haya, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nisingeyajua kama yasingenifika shingoni.

Katika shule niliyowahi kufundisha, kijana mmoja aliyekuwa amehitimu alitutengenezea programu ndogo ya kujumlisha alama na kuchapa ripoti za wanafunzi. Alikuwa kijana mwema, na alifanya kazi hiyo bila malipo. Siku ya kwanza alituambia, "Walimu wangu, nimeweka lebo ya toleo la 1.0, chukueni." Mwalimu wa kompyuta akajaribu kuichukua, asiione. Kijana akasisitiza kwamba ipo, naye alisema kweli: ilikuwapo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Git ina tabia hiyo. Ukisukuma kazi yako kwenda kwenye hazina ya pamoja, lebo haziendi nazo mpaka uziagize ziende.

Lebo ikafika, nasi tukaanza kazi. Wiki mbili baadaye kijana akagundua kosa: programu ilikuwa ikikata sehemu ya desimali badala ya kukadiria, hivyo wastani wa 69.6 ulikuwa ukiandikwa 69. Akalirekebisha. Kwa kuona haya, na kwa kutaka kosa lisionekane, hakutoa toleo la 1.1. Aliing'oa lebo ya 1.0 mahali ilipokuwa, akaisogeza hadi kwenye hatua mpya, akailazimisha iingie katika hazina ya pamoja. Jina likabaki lile lile.

Kompyuta mbili za ofisi ya walimu zilikuwa tayari na lebo ya zamani. Git haibadilishi kimyakimya lebo uliyo nayo kwa sababu tu mwenzako amebadilisha yake, kwa hiyo mashine hizo zikaendelea na 1.0 ya zamani. Ya tatu ilikuwa haijawahi kuichukua, ikapata 1.0 mpya. Shule nzima ikaamini inatumia programu moja.

Mwisho wa muhula alikuja mama mmoja akiwa na ripoti mbili za watoto wa nyumba yake walio katika mikondo tofauti. Wote wawili walikuwa na wastani wa 69.6 ukijumlisha kwa mkono. Mmoja aliandikiwa 69, mwingine 70, na kwa kiwango chetu hiyo ilikuwa tofauti ya daraja zima. Alizilaza mezani kwangu akauliza kwa upole, "Mwalimu, shule hii ina hesabu ngapi?" Sikuwa na jibu. Kwenye kila mashine tuliyofungua palisomeka 1.0. Tulirudia kuchapa ripoti zote kwa aibu, na wazazi wengine hawakuamini tena hata zile zilizokuwa sahihi.

Kutokana na mkasa huo, ndugu msomaji, nimejifunza mambo matatu, na sasa ninayadai kwa kila anayetoa programu kwa ajili ya watu wengine.

La kwanza: lebo ishirikishwe waziwazi. Kuweka lebo na kubaki nayo nyumbani ni sawa na mwenyekiti kuandika tangazo la mkutano kisha akalifungia kabatini. Anayetangaza toleo aisukume lebo hiyo kwa jina lake, kwa amri kama git push origin v1.1, kisha ahakikishe kwa macho yake kuwa imefika. Wengine hukimbilia njia ya mkato ya kusukuma lebo zote kwa pamoja. Nawasihi waiache. Ndani ya kompyuta ya mtu huwa mna lebo za majaribio na vialamisho vyake binafsi, na ukivimwaga hadharani unawachosha wenzako kutafuta lipi ni tamko na lipi ni takataka. Lebo ya umma itolewe kwa kukusudiwa.

La pili: lebo ikishatoka, isihamishwe. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukigundua kosa kabla mtu hajaichukua, rekebisha. Likigunduliwa baada ya hapo, kiri na utoe namba mpya. Mwongozo rasmi wa Git wenyewe hushauri hivyo hivyo: kubali kuwa umekosea, tumia jina jingine, kwa maana aliyeiona lebo ya kwanza ana haki ya kuamini kuwa haijabadilika. Kijana wetu alidhani anaficha kosa dogo la desimali. Alichofanya ni kulifanya neno "1.0" lisiwe na maana. Toleo la 1.1 lingemgharimu sentensi moja ya kuungama, nasi tungemheshimu zaidi kwa hilo.

Wala usidhani haya ni ya shule za vijijini tu. Mwezi Machi 2025, wahalifu waliingilia kifaa kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na hazina zaidi ya 23,000 kwenye jukwaa la GitHub. Walichukua karibu lebo zake zote za matoleo, za miaka na miaka, wakazielekeza zote kwenye hatua moja yenye sumu. Mtu aliyekuwa ameandika "nipe toleo fulani" akapewa sumu kwa jina la toleo alilolizoea, na nywila na funguo za siri zikachapwa katika kumbukumbu za uendeshaji. Waliosalimika ni wale walioandika namba ndefu ya utambulisho badala ya kutegemea jina la lebo, kwa sababu namba haihamishiki. Jina lilihamishwa, na hakuna aliyebisha hodi.

La tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya: lebo itiwe saini. Wengi hunijibu kwamba jina la mtoaji limo tayari ndani ya kila hatua. Ndugu zangu, jina si saini! Katika Git mtu hujiandikia jina na anwani apendavyo, na mfumo haumwombi kitambulisho. Ushahidi upo. Mwezi Machi 2021, mtu asiyejulikana aliingiza msimbo mbaya katika hazina ya lugha ya PHP, inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Hatua hizo zilibeba majina ya Rasmus Lerdorf, mwasisi wa lugha hiyo, na Nikita Popov, mmoja wa watunzaji wake wakuu. Hakuna kati yao aliyeziandika. Bahati ilikuwa kwamba wenzao waliokuwa wakikagua walizishtukia mapema. Je, sisi tungezishtukia?

Saini ya kidijitali hufanya kazi kwa funguo mbili. Ufunguo wa siri hubaki kwa mwenyewe, naye hautumia kutia saini. Ufunguo wa umma hugawiwa watu wote, nao huutumia kukagua. Ukiweka lebo kwa amri ya git tag -s, saini yako hufunika waraka wote: jina la lebo, tarehe, ujumbe na namba ya hatua. Na kwa kuwa namba hiyo imekokotolewa kutokana na historia yote iliyotangulia, saini moja hushuhudia kila mstari uliopo chini yake. Asiye na ufunguo wako hawezi kuigiza. Anaweza kuvunja seva, anaweza kuing'oa lebo, lakini hawezi kuweka nyingine itakayokubaliwa na ufunguo wako wa umma.

Waliotangulia walijifunza hili kwa maumivu. Mwezi Agosti 2011 iligunduliwa kuwa seva za kernel.org, zinazohifadhi msimbo wa Linux, zilikuwa zimevamiwa, zikafungwa kwa majuma kadhaa. Historia ya Linux ilinusurika kwa sababu nakala zake zilikuwa kwa maelfu ya watu na namba zake zingefichua mabadiliko yoyote. Hata hivyo, watunzaji hawakujipongeza na kulala. Walijenga upya mtandao wao wa kuaminiana kwa kukutana ana kwa ana na kuthibitishiana funguo, kama majirani wanavyoshuhudia mkataba wa kibanja. Na toleo la Git la 1.7.9, lililotoka Januari 2012, liliwezesha lebo yenye saini kutumwa pamoja na ombi la kuunganisha kazi, na ushahidi wa saini hiyo kubaki ndani ya historia ya kudumu. Tangu hapo anayemletea Torvalds kazi kubwa hutarajiwa kuileta kwa lebo iliyotiwa saini. Ikiwa mabingwa wale hawaaminiani kwa jina tupu, sisi tumepata wapi ujasiri wa kuamini?

Najua pingamizi zitakazoletwa, na afadhali nizijibu hapa hapa.

Kuna watakaosema, "Jukwaa tunalotumia lina nywila, linatosha." Nywila hulinda mlango wa seva. Saini hulinda neno lenyewe, popote lilipobebwa: kwenye diski, kwenye simu ya jirani, kwenye kompyuta ya wilaya isiyo na intaneti. Hazina za PHP na za tj-actions zilikuwa na milango, na milango ikapitwa.

Wengine watasema, "Ni jambo gumu, la wataalamu." Zamani kulikuwa na ukweli katika malalamiko hayo, kwa kuwa kutunza funguo za GPG kulihitaji subira. Lakini tangu toleo la 2.34, la Novemba 2021, Git hukubali saini kwa ufunguo wa SSH, ambao waundaji wengi huutumia kila siku kuingilia seva zao. Anayedai leo kwamba hana nafasi ya kutia saini anatuambia kwamba hana nafasi ya kuwajibika.

Pingamizi la tatu lina uzito, nami sitalikwepa: "Saini haizuii uovu." Ni kweli. Mwaka 2024 mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya zaidi ya miaka miwili ya kujipendekeza kwa kazi njema, alipenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mtunzaji, na vifurushi alivyovitoa vilikuwa na saini yake halali. Tuliokolewa na Andres Freund, aliyeona kuwa kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde, akafuatilia chanzo. Lakini zingatia tukio hilo vizuri. Kipande muhimu cha kuwasha mlango ule hakikuwamo katika hazina ya Git iliyoonekana na wote. Kiliwekwa ndani ya kifurushi cha kupakua tu. Hilo latufundisha kuchukua programu kutoka kwenye lebo iliyo hadharani, ambako macho ya wengi hufika, na kuacha kumeza kifurushi kilichofungwa gizani. Aidha, saini haijaahidi kamwe kwamba mtiaji ni mwema. Huahidi kwamba anajulikana ni yule yule wa jana, na kwamba hataweza kukana. Muhuri wa mwenyekiti haukufanyi uwe raia mwema, ila siku ya kesi tunajua tukamwite nani.

Lipo na kosa letu sisi wapokeaji. Saini isiyokaguliwa ni pambo. Amri ya git tag -v huchukua sekunde chache tu, lakini ni wangapi wamewahi kuiandika? Na ufunguo wa umma unaoukagulia umeupata wapi? Ukiupata mahali pale pale alipoweza kufika mwizi, umemwuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Utafute kwa njia ya pili: kwa mtoaji mwenyewe, kwa barua rasmi, kwa mtu unayemjua.

Huenda ukasema haya hayakuhusu, kwa sababu wewe si mwundaji wa programu. Yanakuhusu. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret nchini Kenya na Rwinkwavu nchini Rwanda mwaka 2006, na leo imeenea katika nchi nyingi. DHIS2, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutumiwa na wizara za afya za Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda kukusanya takwimu za zahanati zetu. Msimbo wa programu hizo uko wazi kwa yeyote kuusoma, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kati ya msimbo ulio wazi na mashine iliyopo wilayani kuna safari ndefu, na kuna mikono mingi njiani. Raia ana haki ya kuuliza: kilichofika kwetu ndicho kilichotolewa? Nani ameshuhudia?

Kwa hiyo, shule yako, chama chako au halmashauri yako inaponunua au kupokea programu, dai mambo haya yaandikwe katika mkataba: kila toleo liwe na lebo yenye maelezo na saini, lebo ifikishwe katika hazina ambayo mnunuzi anaifikia, ufunguo wa umma ukabidhiwe ana kwa ana, lebo iliyotolewa isihamishwe kamwe, kosa likitokea, namba mpya itolewe pamoja na maelezo yake. Madai hayo hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji tabia ambayo tayari tunayo tunapouziana ardhi.

Nawe kijana unayeunda programu, ambaye huenda niliwahi kukufundisha insha, nakumbuka nilikuwa nakukata alama ulipoleta kazi bila jina. Ulinung'unika ukisema kuwa mwandiko wako najua kuutambua. Nilikujibu kwamba sikukusudia kuutambua mwandiko, nilitaka usimame nyuma ya ulichoandika. Leo unaandika mambo mazito kuliko insha. Mama yule mwenye ripoti mbili bado yupo, na mtoto wake wa tatu anaingia sekondari mwakani.

Tia saini.

Wasalaam,
Mwalimu wenu